Bei ya Kitanda Kinachoyumba

"Wataalamu mia tatu," Kinyozi alitusomea kwenye simu yake, amesimama mlangoni mwa duka lake na taulo begani, "wamekutana siku tano kwenye hoteli ya ghorofa kumi na saba, kujadili namna ya kubana matumizi."

Akanyamaza kidogo ili tucheke. Tukacheka.

"Wamefikia wapi?" Soli aliuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye kiatu.

"Muda haukutosha. Watarudi mwezi ujao, hoteli ileile."

"Hoteli ya ghorofa kumi na saba, mtu akibana matumizi analala ya ngapi?"

"Ya kumi na sita."

Kijiwe chetu kiko katikati ya kibanda cha Soli na duka la Kinyozi. Benchi lenyewe zamani lilikuwa mlango wa stoo. Kitasa bado kipo upande mmoja, na mgeni hukikalia mara moja tu. Mimi nakaa kwenye kigoda changu mwisho wa benchi, jiko mbele yangu, birika juu ya jiko, vikombe saba kwenye beseni la maji. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nauza kahawa hapa. Wote wananiita Bibi, hata wale ambao umri wao na wangu unafuatana.

Soli ni fundi viatu. Hilo jina tulimpa kwa sababu mtu akipita, yeye haangalii uso, anaangalia soli, halafu anakuambia huyu anadaiwa, huyu ametoka kuoa, huyu anamkimbia bosi. Mwaka huu alikuwa na jambo kubwa. Mafundi viatu wana mkutano wao mkuu kila mwaka, kila mwaka mji mwingine, siku tatu. Hauna mfadhili, hauna ofisi. Unaendeshwa na watu wa kujitolea, na safari hii wa kujitolea walikuwa sisi. Wageni arobaini na watatu walikuwa wameshasema wanakuja. Zilibaki wiki tatu, na tangazo la malazi na bei lilitakiwa lifike stesheneri kabla ya saa sita mchana siku ile, likapigwe chapa na kutumwa kwenye simu za watu.

Mwandishi wa kamati ni Nakala, karani mstaafu. Kila anachoandika anakiandika mara tatu, na karatasi ya kaboni katikati: moja ya kutoa, moja ya kuweka, moja ya siku ile ya kuweka itakapopotea. Alifungua faili lake la kaki juu ya magoti, akakohoa kama yuko mbele ya mkurugenzi.

"Malazi na bei," alisoma. "Daraja la kwanza, gesti ya Mama Mapazia. Vyumba kumi, choo ndani, na chai ya asubuhi. Elfu kumi na mbili kwa usiku. Daraja la pili, bweni la shule ya wasichana, wenyewe wakiwa likizo. Vitanda ni dabodeka, cha juu na cha chini, godoro lipo, shuka uje nayo. Elfu nne. Daraja la tatu, majumbani kwa watu waliojitolea. Elfu mbili, na utakula walichopika."

"Wamepika nini?" Kinyozi aliuliza.

"Walichopika."

"Ndiyo nauliza sasa, bwana. Mtu amesafiri kutwa nzima, kiuno kimekufa ganzi. Kuna nyumba hapa mtaani kila nikipita wamepika ugomvi tu."

"Hiyo haimo kwenye orodha. Niliikagua nikaikata."

"Uliyoikata ni ya nani?"

"Ya kwako."

Hapo hata birika lilitaka kucheka. Kinyozi akavuta taulo lake, akajifuta uso usiokuwa na jasho.

"Haya. Nyinyi wa kujitolea mnalipa au hamlipi?"

"Tunalipa ada kama kila mtu," Nakala alisema.

"Unafagia bweni, unabeba magodoro, unapokea watu stendi, halafu unalipa?"

"Ukilipwa ni ajira. Usipolipwa ni kuonewa. Ukilipa wewe mwenyewe, hapo ndipo unakuwa umejitolea."

"Noma sana. Na wale wa ghorofa kumi na saba wamejitolea kiasi gani?"

"Wale wamejitolea kupokea."

Soli hakucheka. Alikuwa anaupaka nta uzi wa kushonea, anauvuta kwenye kipande cha nta, anaugeuza, anauvuta tena. Nilikuwa nimemwona anaupaka uzi uleule tangu nilipommiminia kikombe cha kwanza, na sasa alikuwa kwenye cha tatu. Ule uzi ungeweza kusimama wenyewe kama kijiti.

"Nakala," alisema, "ongeza hapo daraja la kwanza. Mwenye umri wa miaka sabini kwenda juu, nusu bei."

"Vizuri. Ni heshima kwa wazee." Nakala akaandika. "Nusu ya kumi na mbili, elfu sita."

"Sita bado ni nyingi."

"Nyingi kwa nani?"

"Kwa wazee. Weka elfu mbili."

"Elfu mbili gesti? Soli, wa sabini na kuendelea nimewahesabu, wako tisa. Mama Mapazia atatufukuza na fagio."

"Basi weka sabini na sita."

Nakala alishusha miwani. "Kwa nini na sita?"

"Sabini na tano watakuwa wengi." Soli akavuta uzi. "Halafu weka, awe amefundisha mafundi wasiopungua kumi na mmoja. Halafu awe na goti bovu. La kulia."

Kinyozi alikuwa na kikombe mdomoni, akakirudisha chini taratibu.

"Andika na jina lake kabisa," alisema, "tusije tukampa mtu mwingine mwenye goti la kulia."

Nikaona kijana wa watu anazama. Kwangu mimi ni kijana, ana miaka hamsini na mbili. Nikamsogezea kikombe.

"Soli, mwanangu. Ni nani huyo?"

Aliweka uzi chini.

"Ni Mzee Uzi, Bibi. Aliyenifundisha kazi."

Tulimjua kwa kusikia. Kila Soli akishona kitu kikashika, husema, hii ni ya Mzee Uzi. Lakini siku hiyo alitueleza yote. Alikaa kwa yule mzee miaka saba, tangu hajaota ndevu. Hakutozwa ada ya kujifunza, wala kodi, wala sahani ya chakula. Walifundishwa kumi na mmoja hivyo, na wote kumi na mmoja wangekuwa kwenye mkutano huu. Mzee mwenyewe sasa macho yamefifia, goti limekaza, anashona barazani kwake viatu viwili au vitatu kwa wiki. Mikutano mitatu imepita hajaonekana. Ukimwuliza, anasema ataangalia.

"Anaangalia mfuko," Kinyozi alisema, safari hii bila utani.

"Nimempangia siku ya tatu asubuhi," Soli alisema. "Akae mbele, ashone soli kwa mkono, sisi kumi na mmoja tumzunguke kama zamani. Ni saa moja tu. Lakini mkutano wa mwakani uko mbali, na mwakani yale macho sijui."

"Si mlipe nyinyi kumi na mmoja? Kila mtu kidogo, imekwisha."

"Tulichanga mwaka juzi. Alizirudisha. Na gharama ya kuzirudisha alilipa yeye."

"Basi alale kwako."

"Kwangu tuko wanane, vyumba viwili. Akija, mtu atatoka kitandani alale chini, na yeye ataona. Atalala nje kwenye ngazi kuliko kumtoa mtoto kitandani."

"Bwenini?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua. Mjukuu wangu wa kike amesoma pale. Choo kiko ng'ambo ya uwanja, na uwanja una mtaro.

"Kwa macho yale, Bibi, na goti lile."

Kwa hiyo ilikuwa hivi, na nilitaka wote waielewe kama nilivyoielewa: mzee alale gesti usiku tatu, alipe bei anayoiweza, na aamini kwamba hiyo ndiyo bei. Akihisi amehurumiwa, haji. Na saa ilikuwa imeshagonga nne na nusu.

Mama Mapazia alifika wakati huo, na kicha chake cha funguo kiunoni kinachosikika kabla yake. Mumewe alimwachia gesti, gesti ikamwachia mapazia, maana aliyanunua siku moja vyumba vyote kumi, mazito, rangi ya zambarau, na tangu siku hiyo hana hadithi nyingine.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, lakini siyo hapo, kuna kitasa."

Tulimweleza. Aliisikiliza yote, akanywa kahawa yake hadi machicha.

"Chumba kimoja kwa elfu mbili hakinifilisi," alisema. "Lakini nyie mnawajua wateja. Kesho yake asubuhi tisa wengine wako mezani kwangu, mama, mbona yule? Mbona mimi? Nitawajibu nini? Ana goti?"

"Tatizo ni kipengele kukaa peke yake," Kinyozi alisema. Macho yalikuwa yameanza kumwaka. "Kipengele kimoja kinaonekana. Kifiche kwenye vipengele vingi. Nakala, geuza ukurasa."

Sijui niwaambie nini. Watu wazima wale walianza kutunga. Anayekuja kwa baiskeli, punguzo. Anayekuja na mke, punguzo. Anayekuja kumkimbia mke, bei kamili. Mwenye kushona kwa mkono wa kushoto. Mwenye mapacha.

"Na wanaokoroma," Kinyozi alisema. "Bwenini, anayekoroma alipe elfu sita, asiyekoroma elfu nne."

"Nani atakubali kwamba anakoroma?" Nakala aliuliza, huku anaandika.

"Basi geuza. Anayekoroma alipe elfu tatu, alale bweni la peke yao."

"Kwa elfu moja hiyo wote arobaini na watatu watakoroma."

"Wakikoroma wote shida iko wapi? Hakuna wa kulalamika."

"Mimi karani miaka thelathini na moja," Nakala alisema, "sijawahi kuandika kanuni ya kukoroma." Lakini aliiandika, na kaboni katikati, nakala tatu.

Walipofika kipengele cha kumi na tisa, Soli aliomba karatasi. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Halafu akaiweka kwenye paja.

"Atajua," alisema. "Mzee anaweza kukuambia kiatu kimefunguliwa mara ngapi kabla hakijamfikia. Hii ataona imeshonwa na kufumuliwa."

Nikaongeza makaa. Mama Mapazia alikuwa anahesabu funguo zake kwa vidole, moja baada ya nyingine, kama kawaida yake akiwaza.

"Nyie watu wa kamati mnapenda kuandika," alisema mwisho. "Mimi sijawahi kuandika punguzo kwenye gesti yangu. Nikiwa na chumba chenye kasoro, nasema hiki kina kasoro, bei yake ndogo. Bomba linavuja, dirisha halifungi. Hakuna aliyewahi kuuliza mbona yule kalipa kidogo. Wanasema tu, pole yake."

Soli aliinua kichwa.

"Una chumba chenye kasoro?"

"Mimi? Sina. Nimekarabati vyote mwaka jana."

"Kipi kinamfaa mzee?"

"Namba nne. Hakina ngazi, bafu halina kizingiti, choo ni hatua tatu kutoka kitandani. Ndicho kizuri kuliko vyote. Na pazia lake..."

"Mama, tunajua pazia lake," Kinyozi alisema. "Namba nne kitanda kinayumba. Nakala, futa yote kumi na tisa. Andika: chumba namba nne, gesti, kitanda kinayumba, elfu mbili."

Nakala alifuta. Ilimuuma ile ya kukoroma, nilimwona anaipitia mara mbili. Lakini alipoisoma karatasi mpya ilikuwa mistari minne, safi, na ule wa mwisho ulikaa pale kama umezaliwa hapo.

"Mpigie sasa hivi," nilimwambia Soli. "Ukimtumia karatasi ataangalia. Ukimsomea atajibu."

Alipiga. Aliiweka simu juu ya benchi, sauti nje, sote tukainama. Iliita muda mrefu, hadi nikafikiri mzee yuko bafuni.

"Nani?" Sauti ilikuwa kavu, ya juu.

"Shikamoo Mzee. Ni mimi, wa sita." Maana yule mzee alikuwa anawaita wanafunzi wake kwa namba walivyokuja.

"Marahaba, wa sita. Hujambo? Nyumbani?"

"Wazima. Mzee, bei za malazi zimetoka. Nikusomee?"

Akasoma. Gesti, bweni, majumbani. Alipofika chumba namba nne sauti ilimpanda kidogo, kama mwanafunzi anayesoma jibu alilopewa na jirani.

"Kinayumba mguu upi?" mzee aliuliza.

"Wa kushoto," alisema Nakala.

"Wa kulia," alisema Kinyozi, papo hapo.

"Huko uko na nani?"

"Kamati, Mzee."

"Kamati ni watu gani?"

Soli alituangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia.

"Ni watu wa kahawa, Mzee."

"Mama mwenye gesti yuko hapo?"

"Nipo, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Mguu upi?"

"Wa nyuma, kushoto," alisema Mama Mapazia, bila kupepesa. Mtu aliyeuza vyumba miaka ishirini hapepesi.

"Umeoza au umelegea?"

"Umelegea."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile kubwa."

"Na mji wenu unapokea mafundi arobaini na watatu."

"Na wanne ukija wewe, baba," nikasema mimi. Sikuweza kujizuia. "Shikamoo, kaka yangu." Ana miaka minne kunizidi, sasa nilishazipiga hesabu.

"Marahaba, mama. Elfu mbili naiweza. Sawa. Nitakuja."

Soli alifumba macho. Kinyozi alimpiga begani. Nakala alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi, tayari kuandika jina.

"Nikifika tu nakikaza," mzee aliendelea. "Ni kazi ya nusu saa. Kwa hiyo usiku wa kwanza nalipa elfu mbili, maana nitakuwa nimekikuta kibovu. Usiku wa pili na wa tatu kitakuwa kizima, nitatakiwa kulipa kumi na mbili. Hizo sina. Basi nitalala mmoja, nisikilize siku ya kwanza, nirudi nyumbani."

Kalamu ya Nakala ilisimama.

"Mzee, kipindi chako ni siku ya tatu," Soli alisema.

"Utakifanya wewe. Mkono unao."

"Mzee, si uache tu? Usikitengeneze. Kiyumbe."

"Wa sita." Sauti haikupanda, lakini Soli alikaa wima. "Nilikufundisha kulala juu ya kitu kibovu na nyundo iko mkobani?"

"Hapana, Mzee."

"Nilikufundisha kuchukua kizima kwa bei ya kibovu?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa?"

Nilimwona Soli anatafuta ule uzi wake kwa mkono na hauoni, na uko mbele yake. Mama Mapazia alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Tulikuwa tumemshika mzee kabisa, na sasa alikuwa anatutoka kwa uadilifu wake mwenyewe. Nilitamani angekuwa mwizi kidogo.

Kinyozi ndiye aliyeinama kwenye simu. Kwanza alianza kunong'ona kwa Soli.

"Anayenong'ona aongee," mzee alisema. "Macho ndiyo yanayonisumbua, masikio hayajambo."

"Shikamoo Mzee. Mimi ni kinyozi hapa, jirani wa wa sita. Nauliza tu. Kikishakazwa, kesho yake kikiyumba tena?"

"Nilichokaza mimi hakiyumbi."

"Sawa. Na mguu mwingine?"

Nilisikia huko kwake mlango unafungwa, na mtu anapita na ndoo.

"Mguu mwingine ni kasoro nyingine," mzee alisema taratibu.

"Na bei?"

"Kitanda kinayumba au hakiyumbi?"

"Kinayumba, Mzee."

"Basi bei ni ya kinachoyumba. Hapo haki iko palepale."

"Asante, Mzee. Nilitaka kuelewa."

"Hicho kitanda," mzee aliuliza, "kina miguu mingapi?"

Kinyozi alimwangalia Mama Mapazia. Mama Mapazia alinyoosha vidole vinne.

"Minne, Mzee."

Ikasikika sauti fulani. Soli anasema alikohoa. Mimi nasema alicheka, na nimeishi na wazee wenzangu muda wa kutosha kujua tofauti.

"Nauliza tu," alisema. "Nijue nije na misumari mingapi. Siku ya tatu ni saa ngapi kipindi changu?"

"Saa tatu asubuhi, Mzee," Soli alisema.

"Waambie wa kwanza mpaka wa kumi na moja waje wamenoa visu." Akakata.

Soli aliokota kiatu, akakitazama, akakirudisha. Halafu Nakala alichukua karatasi mpya, akaweka kaboni, akaweka nyingine, akaweka kaboni, akaandika kichwa cha habari na kukipigia mstari kwa rula.

"Zamu za kujitolea," alisoma. "Chumba namba nne. Usiku wa kwanza, mguu wa nyuma kushoto. Nani?"

"Mimi," Soli alisema.

"Wewe hapana," alisema Kinyozi. "Ataujua mkono wako. Ukilegeza wewe utalegea kwa ustadi, ataona hiyo siyo mvua. Andika mimi. Mimi sijawahi kushika bisibisi, mguu ule utaonekana umeteseka miaka mingi."

"Kinyozi, usiku wa kwanza, kabla mgeni hajafika. Siku ya pili, mguu wa mbele kushoto?"

"Andika mimi," alisema Mama Mapazia. "Nitaingia wakiwa mkutanoni, kama naenda kutandika."

"Siku ya tatu, wa mbele kulia. Mimi mwenyewe." Nakala alijiandika jina lake kwa herufi kubwa. Mtu aliyekaa ofisini miaka thelathini na moja anaandika kanuni, nilimwona anavyofurahia kwenda kuvunja kitu.

"Na wa nne?" nikauliza. "Mimi sina zamu?"

"Mkutano una usiku tatu, Bibi."

Mama Mapazia alisimama, akapanga funguo zake kiunoni. Ilikuwa saa sita kasorobo, na stesheneri hawasubiri mtu.

"Sawa," alisema. "Lakini nyie mtaondoka, mafundi wataondoka, mimi nitabaki na kitanda. Miguu mitatu imeguswa, mmoja haujaguswa. Nifanye nini nacho?"

"Usiuguse," Soli alisema. Alikuwa ameshaufunga mlango wa kibanda, karatasi ya bei mkononi, anaelekea barabarani. "Huo tunamwekea Mzee, mwakani akija kunitembelea."